Mashine Tatu za Osewe

Konstebo Ojwang alikuwa amebakisha kubonyeza mara moja tu. Kompyuta ya kituo ilikuwa imemuuliza swali, naye, mtu aliyebakisha miaka miwili astaafu, alikuwa hana subira na maswali. Sajenti Mumbi akamshika kiganja.

"Imeandika nini?"

"Inasema hii diski haijafomatiwa, Sajenti. Inauliza nifomati?"

"Na ukifomati?"

"Inakuwa mpya."

"Ondoa mkono, Ojwang."

Mumbi hakupenda kompyuta. Miaka ishirini na mitatu kazini, na bado ripoti zake aliziandika kwa kalamu kwanza. Lakini kuhusu ushahidi alijua jambo moja: kitu kikikuuliza kama ukifute, jibu ni hapana, hata kama hujaelewa swali. Akaichomoa diski. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kuenea kiganjani, na juu yake kibandiko cha karatasi kilichoandikwa KAGIRI.

Diski hiyo ilikuwa mezani kwa Osewe siku alipopatikana amekufa. Osewe alikuwa mpiga video wa kijiji cha Raila, kule Kibera, mtu wa harusi na matanga. Jumanne saa kumi jioni mkewe alisukuma mlango wa studio akamkuta chini ya meza, waya wa stima mkononi. Waya wenyewe ulikuwa wa sambaza, ile stima ya kuvutwa kienyeji kutoka nyumba hadi nyumba. Siku hiyo stima ilipotea Raila nzima saa tano asubuhi, ikarudi saa tisa na nusu. Kwa mkubwa wa kituo mambo yalikuwa wazi kama mchana: mtu anarekebisha waya wakati hakuna stima, stima inarudi, kwisha. Faili lifungwe.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho alfajiri mwili ulikuwa uondoke Nairobi kwenda Ugenya kuzikwa, na barua ya kuuachilia ilikuwa mezani kwa Mumbi ikingoja sahihi kabla ya saa kumi. Ukishazikwa, nani ataufukua? Hata yeye Mumbi asingethubutu kuomba.

Sasa shida. Waya ule ulifungwa na mkewe, Aoko. Fundi alikuwa amewazungusha wiki nzima, na Jumapili Aoko akachukua nailoni akaufunga mwenyewe pale ulipochunika. Mashemeji walikuwa wamemwambia mbele ya kikao cha matanga, bila hata kupunguza sauti, kwamba ni yeye aliyemuua ndugu yao. Kesho angepanda gari moja nao, na Jumamosi angesimama kando ya kaburi mbele ya ukoo mzima unaoamini hivyo. Baada ya hapo, angeishi nao vipi? Mtoto wake Amondi angemwita nani baba mdogo?

Alikuwa ameketi kwenye benchi ya ukumbini tangu saa mbili, mikono mapajani. Mumbi akaenda kuketi kando yake na kumwomba arudie ile habari ya saa saba.

Aoko akairudia vilevile, neno kwa neno, na hilo lilimpendeza Mumbi, maana muongo hupenda kurembesha. Jumanne saa saba mchana alikwenda kumwita mumewe wakale. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alisikia sauti yake: "Moja, mbili. Moja, mbili. Tuko sawa." Ndivyo Osewe alivyojaribu maikrofoni kila alipoanza kurekodi. Akabisha. Akamwita kwa jina. Kimya. Akabisha tena, akakasirika, akaondoka.

"Hakuwa yeye, Sajenti," alisema. "Osewe hajawahi kuninyamazia hata tukikosana. Yule alikuwa ameshaenda. Ni jachien yake niliyosikia."

Jachien ni mzimu wa mtu aliyekufa vibaya, na Wajaluo hawautaji ovyo. Mkubwa wa kituo alicheka alipoisikia. Mumbi hakucheka. Tangu Jumanne mama huyu hakuwa amelala. Kila akisinzia, alisema, mtu anahesabu sikioni mwake, moja, mbili, kisha ananyamaza kana kwamba anangoja ajibiwe. Mumbi mwenyewe hakuwa akiamini mizimu saa za kazi, lakini nywele za mkono zilimsimama, na alikasirika kwamba zimesimama.

Mtu wa kwanza ambaye Mumbi alimtilia shaka alikuwa Jeconia, mdogo wake marehemu. Huyo ndiye aliyekuwa akipiga simu kituoni kila baada ya nusu saa: barua iko wapi, barua imesainiwa? Haraka ya nini? Mumbi alimpigia, akamuuliza bila kuzunguka Jumanne mchana alikuwa wapi. Jeconia alikuwa Riruta wakimwaga simiti ya ghorofa ya tatu, na msimamizi wa mjengo alithibitisha kwamba siku hiyo hakuna aliyetoka hata kwenda chooni, simiti haingoji mtu. Haraka yake ilikuwa ya kawaida. Hema limeshasimama nyumbani, ng'ombe amefungwa, wazee wameitwa, na yeye ndiye ataulizwa maiti iko wapi. Mumbi akalifuta jina lake. Alisikitika kidogo, maana jamaa alikuwa na mdomo mchafu.

Ikabaki diski. Akamwambia Aoko asimame waende Olympic, mtaa wa hapohapo Kibera.

Pale Olympic, chini ya nyumba ya ghorofa, kuna mama mmoja anayeitwa Tracy anayeuza na kutengeneza kompyuta, na diski zote za Osewe zilitoka kwake. Alimkumbatia Aoko kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akapokea ile diski. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaigeuza tena nyuma.

"Hii si ya Osewe."

"Kibandiko ni chake," Mumbi alisema. "Mkewe anaujua mwandiko."

"Kibandiko sawa. Diski si yake."

Halafu akaeleza, na alipoanza kueleza hakuzuilika. Kumbe kuchagua diski ni kazi. Osewe alitaka aina moja tu: ile ndogo inayokula stima ya kompyuta yenyewe, isiyohitaji kuchomekwa ukutani, maana inakopelekwa huenda ukuta hauna stima. Alitaka yenye waya wa vichwa viwili, kichwa kipana cha laptopu za zamani na chembamba cha mpya. Na kabla hajaitia chochote aliifomati upya. Kufomati, Tracy alisema, ni kama kugawa ploti vyumba kabla wapangaji hawajaingia. Kila kampuni ina ugawaji wake. Ukigawa kwa mtindo wa Mac, kompyuta ya Windows ikija haioni hata mlango, inadhani ni kiwanja kitupu, inakuuliza kama ijenge. Kuna mtindo wa zamani unaosomeka kila mahali, lakini haukubali faili inayozidi gigabaiti nne, na matanga ya Wajaluo hayajawahi kutosha ndani ya gigabaiti nne. Aoko alitabasamu kidogo hapo, mara ya kwanza siku hiyo. Osewe alitumia mtindo wa tatu, ule ambao Windows na Mac zote zinausoma na kuandika juu yake, na faili ni kubwa utakavyo.

"Na hakuamini mpaka ajaribu. Mashine tatu. Laptopu yake ya Windows, TV ya pale hotelini karibu na studio, halafu anakuja hapa kwa Mac yangu. Ikipita zote tatu anaichora mistari mitatu nyuma na kalamu nyeupe. Bila mistari haitoki mkononi mwake."

Mumbi akauliza kwa nini mtu ajisumbue hivyo. Aoko ndiye aliyejibu. Miaka minne iliyopita Osewe alirekodi maziko ya kijana mmoja, akawapa familia diski, wakaipeleka nyumbani. Watu wakakusanyika mbele ya TV, mama wa marehemu akawekwa kiti cha mbele, na diski ikakataa kufunguka. Mama yule alimpigia Osewe simu akilia, akamwambia amemzika mwanawe mara ya pili. Osewe hakula siku hiyo. Tangu hapo, mashine tatu.

Nyuma ya diski hii hakukuwa na mstari hata mmoja. Tracy akaichomeka kwenye Mac. Ikafunguka mara moja, bila swali.

Ndani kulikuwa na video moja. Kioo kilikuwa cheusi bado, picha haijaja, sauti ikatangulia.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Tuko sawa."

Aoko alisimama. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza ya Tracy, na Mumbi akaona vidole vyake vikibadilika rangi. Kwenye kioo mzee mmoja wa kofia alikohoa mara mbili, kikohozi kizito cha kifua kibovu, kisha akaanza kusema jina lake.

"Rudisha," Aoko alisema. Tracy akarudisha. Hesabu, kikohozi. "Hicho kikohozi nilikisikia pia. Nilidhani ana mgeni. Rudisha tena."

"Mama, inatosha," Mumbi alisema.

"Rudisha."

Tracy akarudisha mara ya tatu, akilia yeye sasa. Wote wawili walikuwa wamekufa, yule anayeonekana na yule anayesikika, na wote wawili walikuwa pale chumbani wakiongea. Mumbi alitamani kutoka nje. Akatoa daftari badala yake.

Mzee yule, Aoko aliwaeleza, alikuwa Kagiri, mwenye ploti za Kawangware, aliyezikwa mwezi uliopita. Alikuwa na wake wawili. Kabla ya kufa alitaka kusema mbele ya kamera nani apate nini, na akaagiza aletewe mpiga picha asiyejua Kikuyu, ili maneno yasitembee kabla yeye hajatembea. Ndivyo Osewe wa Raila alivyofika kwa Kagiri wa Kawangware. Mumbi alikijua Kikuyu, alizaliwa ndani yake. Mzee aligawa ploti moja baada ya nyingine, zote kwa Muiruri, kifungua mimba wa mke mkubwa. Mke mdogo, Wamuyu, hakutajwa kabisa. Na pale ambapo angetajwa, kikombe cha uji kilichokuwa kimejaa mkononi mwa mzee kikawa nusu ghafla, mzee hajakipeleka hata mdomoni.

"Imekatwa," Tracy alisema.

"Kwa mashine gani?"

"Kama hii yangu. Laptopu ya Osewe haiwezi kufomati diski hivi hata akitaka."

Mumbi akauliza swali moja la mwisho: ile laptopu ya Osewe, Jumanne saa saba, Raila ikiwa haina stima, ingeweza kucheza video? Tracy alitikisa kichwa. Betri yake ilikufa mwaka jana. Ukichomoa waya ukutani inazima hapohapo.

Basi. Saa saba mchana, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, kulikuwa na mtu mle studio mwenye laptopu yenye betri nzuri, na laptopu hiyo ilikuwa ikicheza video ya Kagiri. Aoko hakusikia mzimu. Alimsikia mumewe kweli, ila alimsikia kutoka ndani ya mashine ya mtu mwingine. Mumbi alimwambia hivyo palepale. Aoko aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo, na Mumbi alijua kuna swali linakuja na kwamba halitakuwa rahisi.

Saa nane walikuwa Kawangware. Aoko alibaki kwenye gari. Muiruri alikuwa na ofisi chini ya ploti ya baba yake, mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, mwenye adabu zake. Mezani palikuwa na Mac ya rangi ya fedha, imefunikwa. Mumbi hakuitazama mara ya pili. Alimpa pole ya mzee kwa Kikuyu, wakaulizana kidogo habari za nyumbani, kisha akasema ana maswali machache ya kufunga faili na kwamba Ojwang atayaandika.

Je, anamjua Osewe? Alimwona mara moja, siku alipokuja kumrekodi mzee. Amewahi kufika kwake Raila? Hajawahi, Kibera angekwenda kufanya nini. Jumanne? Alikuwa hapahapa ofisini. Na diski hii, amewahi kuiona? Hapana, ndiyo kwanza leo. Mumbi akamwomba asome yaliyoandikwa na atie sahihi. Akasoma yote, akatia sahihi nzuri yenye mkia.

Ndipo Mumbi akahema na kuirudisha diski kwenye bahasha.

"Ni hasara tu. Kompyuta yetu inasema haina kitu. Ojwang ataifomati jioni, tuwekee faili zetu."

"Msifomati," Muiruri alisema.

Mumbi akaiacha bahasha wazi.

"Nasema, ni sauti ya mzee. Familia tunakaa Jumamosi na chifu, tunaihitaji. Haijaharibika, madam, ni vile mnaiweka kwa Windows. Iwekeni kwa Mac."

"Umejuaje?"

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji, na mitungi iligongana njia nzima mpaka ikapotea. Muiruri aliangalia sahihi yake. Akafungua mdomo kusema pengine Osewe alimwambia, akakumbuka ameandikisha kwamba hawakuonana tena, akaufunga. Mumbi akamwomba aifunue ile laptopu mwenyewe. Ojwang, ambaye asubuhi alitaka kufuta kila kitu, ndiye aliyeona kwanza: kazi ya mwisho ya kukata video, KAGIRI, Jumanne, saa saba kasoro dakika nane.

Watu hudhani mshukiwa huungama kwa kuogopa. Wengi huungama kwa kuchoka. Muiruri alikuwa hajalala vizuri siku mbili, na alipoanza kusema alisema kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Alikwenda Raila saa sita na diski mpya, ile ile aina aliyomwona nayo Osewe, kumwomba amtengenezee video nyingine isiyo na Wamuyu. Osewe alikataa. Alisema yeye hajui Kikuyu na hajui nani amepewa nini, lakini maneno ya marehemu hayakatwi. Wakavutana. Muiruri akamsukuma, kichwa kikagonga ukingo wa chuma wa meza, akaanguka, hakuinuka. Basi Muiruri akafunga mlango, akaketi, akaikata video mwenyewe kwa laptopu yake. Alihamisha kibandiko kutoka diski ya kweli. Hiyo ya kweli ilikuwa kwenye droo yake, na Ojwang akaitoa, mistari mitatu myeupe nyuma.

"Na waya?" Mumbi aliuliza.

"Niliikata nailoni kwa kisu. Nikamshikisha."

"Akiwa amekufa?"

"Yule mama alipobisha," Muiruri alisema, "alikuwa bado anapumua. Alifungua macho akaangalia mlango. Mimi ndiye nilimziba mdomo."

Ojwang aliacha kuandika. Mumbi akamwambia aandike, aandike yote, na akakaa palepale mpaka neno la mwisho lilipotiwa sahihi, ingawa alitaka kumpiga yule mtu kwa kiti.

Alipotoka nje ilikuwa saa tisa na robo. Kule kituoni barua ingali mezani bila sahihi, na sasa isingetiwa: daktari angeufungua mwili kwanza. Alikwenda kwenye gari, akaingia nyuma akaketi na Aoko, akamwambia yote kwa mpangilio. Kusukumwa. Chuma cha meza. Nailoni iliyokatwa kwa kisu.

"Uliufunga vizuri," alisema. "Usingemuua. Nitamwambia Jeconia mwenyewe, na nitawaandikia wazee wenu."

Aoko alishusha pumzi ndefu, ya siku tatu. Kisha swali likaja.

"Nilipobisha. Alikuwa hai?"

Mumbi angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno dogo, na huruma ilimsukuma alitamke. Lakini maungamo yalikuwa mkononi, na siku moja mtu mwenye joho angeyasoma kwa sauti mbele ya mama huyu, katika chumba kilichojaa wageni.

"Alikuwa hai," alisema. "Alifungua macho akaangalia mlango. Alizibwa mdomo."

Aoko alijifunika uso kwa leso. Mabega yake yalitikisika muda mrefu bila sauti, na Mumbi, asiyejua afanye nini na mikono yake, alimshika goti tu. Alipoishusha leso macho yalikuwa mekundu lakini yametulia.

"Kwa hivyo hakuninyamazia," alisema.

"Hakukunyamazia."

"Alinisikia nikimwita."

"Alikusikia, mama."

Aoko akatoa simu, akampigia Jeconia. Shemeji alianza kufoka kabla hajasalimiwa, kwamba gari limeshalipiwa, kwamba wazee wanangoja, kwamba barua iko wapi. Aoko alimwacha amalize. Kisha akamwambia, bila kuinua sauti, awaambie wazee wamfungue yule ng'ombe arudi malishoni, maana Osewe haendi kesho.